Jasho la Usiku Magunga: Mjadala Kuhusu Dalili za Mwanzo za Kukoma kwa Hedhi

Katika eneo ambamo malaria haijaondoka, kifua kikuu kingali kikitafutwa kliniki kwa kliniki, na maambukizi ya VVU ni miongoni mwa ya juu kabisa nchini Kenya, mwanamke wa miaka arobaini na sita anayeamka usiku ameloa jasho ana maelezo mengi ya kuchagua, na kukoma kwa hedhi huwa la mwisho kutajwa. Magunga, mji mdogo wa soko katika Suba Kusini, kaunti ya Homa Bay, uko upande wa milima ya Gwassi inayoteremka kuelekea Ziwa Viktoria, na kusini yake ziko Karungu na Sori katika kaunti ya Migori. Utafiti wa kitaifa wa 2018 uliikuta Homa Bay na maambukizi ya VVU ya asilimia 19.6 ya watu wazima, na Migori asilimia 13.0, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 4.9, na Kenya ilipozindua chanjo ya malaria kwa watoto mnamo Septemba 2019, uzinduzi ulifanyika Homa Bay, kwa kuwa ukanda wa ziwa ndio unaobeba sehemu kubwa ya mzigo wa ugonjwa huo. Kila kipimo na kila swali la kliniki limepangwa kulingana na maradhi hayo, na ni sahihi kupangwa hivyo.

Hedhi huhesabiwa kuwa imekoma pale mwanamke anapokaa miezi 12 mfululizo bila kuiona, ilhali hana mimba, hanyonyeshi, wala hatumii dawa inayoizuia. Maana yake ni kwamba siku yenyewe ya kukoma hujulikana baada ya mwaka kupita, na kabla yake kuna kipindi cha mpito ambacho kinaweza kuchukua miaka kadhaa. Kwa wanawake wengi ukomo huo huja kati ya miaka 45 na 55. Ukija kabla ya 40 ni suala la kuchunguzwa hospitalini, si la kusubiriwa nyumbani. Dalili zinazojadiliwa hapa ni za kipindi hicho cha mpito, na swali lenyewe ni hili: je, mwanamke wa Magunga afundishwe kuzitambua mapema, au kumfundisha ni kumpa sababu ya kuchelewa kupimwa maradhi yanayoua?

Sauti tatu zimetungwa ili zibebe hoja zinazogongana: ya muuguzi wa kituo cha afya, ambaye wenzake humwita Daktari, ya mchuuzi wa omena aliyevuka miaka arobaini, na ya nyanya aliyewahi kuzalisha akina mama kijijini kabla ya hospitali kuwa karibu. Watu hao hawapo, lakini hoja zao zipo.

MUUGUZI: Dalili ya kwanza mara nyingi si joto bali tarehe. Ovari, yaani vile viungo viwili vinavyohifadhi mayai ya mwanamke, hazizimiki kwa siku moja. Huanza kuruka miezi, na mwezi ambao yai halikuachiliwa, homoni ya projesteroni haitengenezwi vya kutosha, wakati estrojeni inaendelea kuujenga utando wa ndani wa kizazi, kwa hiyo damu huchelewa kisha ikaja kwa wingi, au hufika mapema kuliko ilivyozoeleka. Mkutano wa wataalamu wa 2011 uliorekebisha ngazi za kuzeeka kwa uzazi uliweka kipimo ambacho mtu yeyote anaweza kukitumia bila maabara: mizunguko miwili inayofuatana ikianza kutofautiana kwa siku saba au zaidi, na hali hiyo ikajirudia, mpito umeanza; pengo likifikia siku 60 bila hedhi, mpito umesonga mbele, na mara nyingi imebaki kati ya mwaka mmoja na mitatu kabla ya hedhi ya mwisho.

MCHUUZI: Daktari anazungumza kana kwamba kila mwanamke ana kalenda ukutani. Mwanamke anayesubiri mashua alfajiri, akaanika omena juani na kuzisafirisha kabla ya bei kushuka, hana nafasi ya kuandika tarehe za mwili wake. Joto likimpanda ananunua dawa ya malaria kwenye kemisti, likishuka anarudi ufuoni, na lisiposhuka ndipo anapokwenda hospitali.

MUUGUZI: Lakini, Mama, hakuna watu katika kaunti hii wanaohesabu siku vizuri kuliko wachuuzi wa omena.

Jibu hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na uvuvi huo hutegemea giza, kiasi kwamba mwezi unapokuwa mpevu mavuno hupungua na mashua nyingi hupumzika. Biashara nzima ya wanawake wa fuo za Gwassi na Karungu hufuata mwezi angani, na mwenye kukosea hesabu hiyo hukosa mtaji. Mwanamke anayejua bila kuandika kwamba hedhi yake iliyopita ilikuja siku za giza, na ya kabla yake ilikuja mwezi ukiwa mpevu, tayari ameona tofauti ya wiki mbili, ambayo ni mara mbili ya kile kipimo cha wataalamu. Anachokosa si hesabu, bali mtu wa kumwambia kwamba hesabu hiyo ina maana kwa afya yake.

MCHUUZI: Basi tarehe zikubaliwe. Hata hivyo joto ni joto, na malaria huua kwa haraka kuliko uzee. Mwanamke akifundishwa kwamba jasho la usiku ni umri, siku atakayoshikwa na malaria ya kweli atalala nayo.

Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote katika mjadala, na haifai kujibiwa kwa kumtuliza mwenye kuitoa. Wimbi la joto la kipindi cha mpito lina sura yake: huanza ghafla kifuani au usoni, hupanda shingoni, hudumu kwa dakika chache tu, huacha jasho na pengine ubaridi mfupi, kisha mwili hurudi ulivyokuwa, na hujirudia kwa wiki, miezi, hata miaka. Chanzo chake kiko katika sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili, ambayo estrojeni inapopungua huanza kuyachukulia mabadiliko madogo ya joto kama hatari, ikafungua mishipa ya ngozi na kutoa jasho pasipo haja. Homa ya malaria hudumu kwa saa kadhaa, huja na kutetemeka, kuumwa kichwa na viungo, kukosa hamu ya kula, na kipimajoto huionyesha. Tofauti hizo ni za kweli, lakini si za kutegemewa peke yake, kwa sababu mwanamke mmoja anaweza kuwa na yote mawili katika wiki moja. Kwa hiyo msimamo unaoshikiliwa hapa ni kwamba katika ukanda wa ziwa kipimo cha haraka cha malaria, kile cha tone la damu kidoleni, kitangulie kila mara panapokuwa na homa, na kwamba kutambua mpito kuanze pale ambapo kipimo hicho kimekanusha malaria mara ya pili, ya tatu na ya nne, na hakuna aliyeuliza kwa nini jasho linaendelea. Dawa ya malaria inayonunuliwa bila kipimo haimlindi mwanamke huyo. Humfanya aamini kwamba amepona kwa sababu wimbi la joto lingepita lenyewe vyovyote vile.

MUUGUZI: Na kuna wale ambao hawaambiwi ni malaria bali kifua kikuu. Katika kliniki ya VVU kila anayekuja huulizwa maswali manne: je, anakohoa, ana homa, amepungua uzito, anatokwa na jasho usiku? Mwanamke wa miaka arobaini na minane anayekunywa dawa za kupunguza makali ya virusi kila siku bila kukosa hujibu ndiyo kwa swali la nne, akatumwa maabara kutoa makohozi, majibu yakawa safi, na ziara ijayo akajibu ndiyo tena. Baada ya muda hujifunza kusema hapana.

Hapo ndipo madhara ya kutoitambua dalili yanapokuwa makubwa, kwa kuwa mwanamke aliyejifunza kuficha jasho ili asirudishwe maabara atalificha hata siku ambayo lina maana nyingine. Makohozi yapimwe, hakuna anayepinga hilo. Lakini karibu na neno jasho katika faili lake paandikwe pia tarehe ya hedhi ya mwisho, ili anayefuata kumhudumia aone kwamba jasho hilo lilianza pamoja na mizunguko iliyoyumba, halina kikohozi wala kupungua uzito, na asimlazimishe mgonjwa kuchagua kati ya kusema kweli na kuokoa nusu siku. Suala hili litazidi kukua, kwani dawa zimewawezesha wanawake wengi walioambukizwa wakiwa vijana kuufikia umri ambao miaka ya tisini wengi kama wao hawakuufikia, na tenofovir, mojawapo ya dawa zinazotumika sana katika matibabu hayo, hupunguza kwa kiasi uimara wa mifupa, jambo ambalo kushuka kwa estrojeni nako hulifanya.

NYANYA: Daktari, kila jambo mnalipa jina kisha mnalitafutia dawa. Wasichana walilala katika siwindhe, nyumba ya nyanya, wakafundishwa damu inakujaje na inataka nini. Hakuna aliyefundisha inavyoondoka, kwa sababu haikuwa ugonjwa. Mwanamke alipomaliza alipumzika kuzaa, sauti yake ikawa nzito katika boma, na akakaa na wazee. Leo mnataka aogope.

MUUGUZI: Hakuna anayesema ni ugonjwa, Nyanya. Hata Shirika la Afya Duniani huliita hatua ya kawaida ya maisha. Ila lisilo ugonjwa linaweza kutesa. Utafiti mkubwa ulioanza Marekani mwaka 1996 na kuwafuata wanawake kwa miaka mingi uligundua kwamba mawimbi ya joto ya mara kwa mara hudumu kwa zaidi ya miaka saba kwa nusu ya wanawake, na kwa nusu ya wale wenye asili ya Kiafrika zaidi ya miaka kumi. Miaka kumi ya kukatwa usingizi si jambo la kumwambia mtu avumilie tu.

NYANYA: Na wale waliosema mtu amepatwa na chira kwa sababu anatoka jasho na kukasirika bila sababu?

Nyanya ameifungua hapa hoja inayompinga yeye mwenyewe. Chira, yaani madhara ambayo mila ya Waluo huyahusisha na kuvunja mwiko, imetumika kuelezea kudhoofika kwa mwili kwa namna nyingi, na mwanamke aliyebadilika tabia, asiyelala, anayesahau alichotumwa na anayekwepa kitanda cha mume wake, huweza kuulizwa ni mwiko gani aliouvunja. Ukimya anaousifu kama heshima ndio uliowaacha wanawake hao bila jibu la kutoa. Nyanya anasema kweli kwamba kukoma kwa hedhi si maradhi. Lakini siwindhe iliyofundisha mwanzo na kuacha mwisho ilikuwa na upungufu, na kliniki iliyochukua nafasi yake inao upungufu uleule. Hata utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya nchini Kenya huwahoji wanawake wa miaka 15 hadi 49, kisha huwaacha pale hasa ambapo jambo hili linakolea.

MUUGUZI: Kuna jambo moja ambalo katu lisiachiwe umri, nalo ni damu isiyo ya kawaida. Damu inayojaza sodo ndani ya saa moja, yenye mabonge, au inayotoka katikati ya mizunguko. Damu baada ya tendo la ndoa. Na zaidi ya yote damu inayorudi baada ya mwaka mzima wa ukavu, hata ikiwa tone moja. Nyanya atakumbuka wangapi waliambiwa kwamba ni hedhi inayoaga.

NYANYA: Wengi. Na baadhi walizikwa.

Saratani ya mlango wa kizazi ni miongoni mwa saratani zinazoua wanawake wengi zaidi nchini Kenya, na mwanamke anayeishi na VVU anakabiliwa na hatari ya kuipata takriban mara sita zaidi ya asiye navyo. Chanjo dhidi ya kirusi cha papiloma, kinachosababisha karibu visa vyote vya saratani hiyo, iliingizwa katika ratiba ya Kenya mwaka 2019 kwa wasichana wa miaka kumi, kwa hiyo haiwahusu wanawake wa mjadala huu hata kidogo. Kinga yao ni uchunguzi, na hapa kuna sababu ya kuitambua mapema dalili ya mpito ambayo haitajwi vya kutosha. Uchunguzi ambao vituo vingi vya vijijini vimeutegemea ni ule wa kupaka siki: mhudumu hupaka siki iliyopunguzwa makali kwenye mlango wa kizazi na kutazama kwa macho kama kuna sehemu inayogeuka nyeupe. Eneo la kutazamwa ni ule mpaka ambapo aina mbili za ngozi ya ndani hukutana, kwa kuwa ndipo saratani huanzia. Na estrojeni inaposhuka mpaka huo hurudi ndani ya mfereji wa kizazi, usionekane tena. Mwanamke aliyepuuza uchunguzi akiwa na miaka arobaini na mitatu kisha akaja akiwa na hamsini na mitano anaweza kupakwa siki na kuambiwa hakuna kitu, kumbe panapostahili kutazamwa hapakuonekana. Kwake kinachofaa ni kipimo cha kirusi chenyewe, ambacho hakitegemei macho. Kwa maana hiyo mizunguko inapoanza kuyumba, hiyo ni ishara ya kwenda kuchunguzwa wakati mlango wa kizazi bado unaonekana, na mhudumu anayemwambia mwanamke huyo kwamba ni umri tu, kisha akamruhusu kwenda nyumbani, ametambua dalili na kukosa kazi yake.

MCHUUZI: Daktari alisema tarehe ndiyo dalili ya kwanza. Wanaochoma sindano ya miezi mitatu hawana tarehe.

MUUGUZI: Ni kweli, Mama. Karibu nusu ya wanaoitumia sindano hiyo huacha kuona hedhi baada ya mwaka, na wenye kijiti cha mkononi huweza kuona damu ovyo kwa miezi. Kwao kalenda haifai kitu, na hata kutokwa na damu kwao hakuwezi kusomwa kirahisi.

MCHUUZI: Basi wapimwe homoni kwa damu.

MUUGUZI: Ingekuwa kupoteza fedha. Kwa mwenye zaidi ya miaka 45 aliye na dalili, mwongozo wa Uingereza wa 2015 ulisema wazi kwamba kipimo cha homoni hakihitajiki ili kuthibitisha, kwa sababu katika kipindi cha mpito homoni hizo hupanda na kushuka wiki kwa wiki, na kipimo cha leo hakiisemei kesho. Kipimo hicho kina kazi kwa mwanamke mdogo zaidi, ambaye hedhi yake imekatika mapema.

MCHUUZI: Na aache kupanga uzazi lini? Wapo waliojiona wamemaliza wakapata mimba ya mwisho wakiwa na wajukuu.

MUUGUZI: Asiyetumia homoni, akikoma kabla ya miaka 50, ajikinge kwa miaka miwili baada ya hedhi ya mwisho, akikoma baada ya 50, mwaka mmoja. Anayechoma sindano akikaribia 50 ashauriwe kubadilisha njia, kwa ajili ya mifupa yake na ili hesabu ipate kuonekana.

Kuhusu matibabu ya homoni, ambayo duniani yamekuwa na historia ya kuyumba tangu jaribio kubwa la Marekani liliposimamishwa mwaka 2002 kwa hofu ya saratani ya matiti na kiharusi, kisha uchambuzi wa baadaye ukaonyesha kwamba kwa wenye chini ya miaka 60 walioanza ndani ya miaka kumi ya kukoma madhara ni madogo kuliko ilivyohofiwa, mjadala huu hauna mengi ya kuongeza, kwa sababu uamuzi wake ni wa daktari na mgonjwa mmoja mmoja.

NYANYA: Kuna jambo ambalo Daktari hajalitaja, na mikayi analijua.

Mikayi ni mke wa kwanza katika nyumba ya wake wengi, na katika mila ya Waluo, ambayo Wasuba wa Gwassi nao wameishi ndani yake kwa vizazi, mbegu za msimu haziwekwi ardhini katika boma kabla mume na mikayi hawajakutana kimwili. Wengi wameiacha desturi hiyo, lakini haijatoweka. Mikayi kwa kawaida ndiye wa kwanza kuingia katika mpito, na estrojeni inapopungua ngozi ya uke huwa nyembamba na kavu, tendo likawa la maumivu na kuchubuka, na mkojo ukaanza kuwaka mara kwa mara hata ukatibiwa kama maambukizi ambayo hayaishi. Ukavu huo ni dalili kama ile ya joto, ila haina mtu wa kuisema, kwa kuwa ikisemwa husikika kama kukataa shamba lilimwe. Mahali ambapo VVU viko kwa kiwango cha Homa Bay, michubuko si adha ya faragha tu, kwani hurahisisha kupenya kwa virusi. Vilainishi vya maji husaidia. Mafuta ya kupikia na vaselini huharibu kondomu za mpira, na hilo lisemwe waziwazi kwa wanaozitumia.

MUUGUZI: Wahamasishaji wa afya ya jamii ambao serikali iliwazindua nchi nzima Septemba 2023 wanapita nyumba kwa nyumba wakiwa na kipimajoto na mashine ya shinikizo la damu. Swali la hedhi ya mwisho lingeweza kuongezwa kwa kila mwanamke aliyepita arobaini.

NYANYA: Mhamasishaji huyo akiwa kijana aliyemwoa binti wa nyumba hiyo, atamuuliza mama mkwe wake habari ya damu?

MUUGUZI: Hapana. Atatumwa mwingine.

NYANYA: Mwingine naye ni mkwe wa jirani. Gwassi ni ndogo.

MCHUUZI: Swali hilo liulizwe katika chama, siku ya kuchangishana, baada ya fedha kuhesabiwa na kabla ya chai. Kila mmoja aseme kama ilikuja siku za giza au za mwezi mpevu, katibu aandike, na ambaye hesabu yake imeyumba aende kliniki na karatasi yake.

NYANYA: Katibu aandike tarehe tu. Habari ya mikayi isiandikwe na mtu yeyote.

MUUGUZI: Isiandikwe chamani, Nyanya. Lakini akifika kliniki, mlango ukifungwa, ataulizwa.